Uzoefu wangu na apu ya sudoku na kakuro, naipa nyota 4

Nina kibanda cha kutoa na kuweka pesa hapa Ngamiani, Tanga, na mchana jua likikaza wateja wanapungua kabisa, hapo ndo nafungua hii apu. Kwa asiyeijua sudoku, ni viboksi 9 kwa 9, vichache vina namba za kuanzia, vingine unajaza wewe ili namba 1 mpaka 9 zikae mara mojamoja kwenye kila mstari wa kulala, wa kusimama na kila boksi kubwa la 3 kwa 3; kakuro nitaieleza huko chini. Jina lake nitaliacha maana huko chini nina malalamiko, ila apu za aina hii zimejaa kibao na haya ninayoandika yatakusaidia kuchagua yoyote ile.

Kilichonifanya nibaki nayo ni sehemu ya msaada. Apu nyingi ukibonyeza msaada inakujazia namba basi, umepewa 4 lakini hujui imetokea wapi, na mimi hilo linaniudhi kwa sababu utamu wote uko kwenye kugundua mwenyewe. Hii inakupakia rangi mstari wa kuangalia tu, ukibonyeza tena ndo inakueleza kwa nini 4 haiwezi kukaa pengine, kujaza unajaza wewe. Ukishaelewa sababu, kesho ukikutana na hali kama hiyo huhitaji kuuliza tena.

Alafu kuna kakuro, na hapa ndo roho yangu ilipo. Kwa asiyeijua, imechorwa kama fumbo la maneno la kwenye gazeti ila unajaza namba 1 mpaka 9, kila mstari umepewa jumla yake na namba hairudiwi ndani ya mstari huohuo. Chukua mstari wa kulala wenye viboksi viwili, jumla 16. 8 na 8 hairuhusiwi kwa hiyo ni 7 na 9 tu, ila hujui ipi inaanza. Sasa kile kiboksi cha kwanza kinapitiwa na mstari wa kusimama, nao una viboksi viwili, jumla 17, na hiyo haipatikani isipokuwa kwa 8 na 9. Namba iliyopo pande zote mbili ni 9, basi 9 inakaa pale kwenye makutano, pembeni yake 7, chini yake 8, viboksi vitatu vimejaa na hujabahatisha hata kimoja! Kuna mwalimu mstaafu huwa anakaa kwenye benchi langu, tunamwita babu, Kiingereza cha kwenye apu hakishughulikii lakini jumla za viboksi vitatu vitatu anazo kichwani, ukisema 24 anakujibu "7, 8, 9 mwanangu, andika" kabla hujamaliza kutamka, na 23 hivyohivyo, 6, 8, 9.

Haili bando, mafumbo yakishashuka unacheza hata ukiwa kwenye basi la Dar na mtandao umekata. Matangazo yapo ila yanakuja ukishamaliza fumbo, sio katikati, hilo nawapongeza.

Sasa malalamiko. Upande wa sudoku, leveli zimepangwa kwa idadi ya namba za kuanzia, chache ndo ngumu, na hii sio kweli kabisa, kuna zenye namba chache zinateleza tu na kuna zenye namba nyingi zinakukaba koo, ugumu uko kwenye aina ya hoja unayotakiwa kuitumia. Kinachojulikana ni kwamba fumbo lenye namba za kuanzia chini ya 17 haliwezi kubaki na jibu moja, mwanahisabati Gary McGuire na wenzake wa Dublin, Ayalandi, walithibitisha hilo kwa kompyuta mwaka 2012. Kubwa zaidi, niliwahi kupata fumbo lenye majibu mawili. Nilibakiwa na viboksi vinne, vilivyo kwenye mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama ndani ya maboksi makubwa mawili, vyote vinataka 2 au 7, ukizipanga hivi zinakaa, ukizigeuza zinakaa pia. Nikajaza, apu ikaniwekea nyekundu. Hiyo sio haki, fumbo la sudoku lililotengenezwa vizuri lina jibu moja na mchezaji anafika kwa kufikiri, sasa kama fumbo lenyewe halijaamua mimi niamue kwa kigezo gani?

Na ule ukurasa wa historia ubadilishwe, eti sudoku ni mchezo wa kale wa Japani. Sudoku hii tunayocheza ilitoka kwenye jarida la mafumbo la Marekani mwaka 1979, na anayetajwa kuitunga ni Howard Garns, msanifu majengo wa Indiana. Nikoli, kampuni ya Japani inayochapisha mafumbo, waliichukua 1984 wakaipa jina, alafu mwaka 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuichapa na ndo ikasambaa duniani. Sio siri haya, mtu aliyetengeneza apu nzima angeweza kuyaandika sawasawa.

Ukiipakua anza na kakuro ndogo, na saa ya juu izime kwenye setingi maana inakuharakisha bure. Wakiyachuja yale mafumbo yenye majibu mawili na kuweka maelezo ya Kiswahili, nyota ya tano nawapa siku hiyohiyo, na babu nitamwekea kwenye simu yake.