Uzoefu wangu: mwaka mmoja na timu ya viatu vya magurudumu na vijiti, Nakuru

Mwaka jana muhula wa tatu ukielekea kuisha, kamati ya wazazi ilinituma nitafute burudani ya siku ya kufunga shule. Sarakasi tulikuwa tumeileta miaka miwili mfululizo na watoto walishaizoea. Jirani yangu hapa mtaani Section 58 akanielekeza kwa vijana wanaoskeiti huku wakizungusha vijiti. Ni timu ya ridhaa: wanafunzi, fundi wa simu mmoja, na kocha ambaye mchana ana kazi nyingine. Tukapatana shilingi 6,000 kwa watu wanane, dakika saba, spika yao wenyewe.

Nimekulia Vihiga, na kijiti nakijua tangu utotoni. Bendi ya vijana ikipita barabarani Jumapili, macho yetu sote yalikuwa kwa yule wa mbele, anayerusha fimbo juu na kuidaka bila kupoteza hatua. Kwa hivyo nilikaa mstari wa kwanza na macho makali.

Walianza na vijiti vimebanwa kwapani, miguu tu, wakizunguka uwanja wa basketi wa saruji kama mnyororo. Kisha vijiti vikatoka na kuanza kuchora umbo la nane hewani pande zote mbili za mwili, polepole kwanza. Baadaye wakagawanyika safu mbili, moja inaskeiti kwenda mbele, nyingine kinyumenyume, na kila wanapopishana wanabadilishana vijiti mkononi. Ndipo kijiti cha msichana mmoja kikaanguka, kikabingirika hadi karibu na miguu yangu. Hakukiangalia. Mkono mtupu uliendelea kuchora ile nane, kidevu juu, tabasamu palepale. Kijana wa mkiani mwa safu alipofika akachuchumaa kwa mguu mmoja, ule mwingine ameunyoosha mbele, akakiokota akiwa mwendoni, na mzunguko uliofuata akamrudishia. Mwalimu mkuu alipiga makofi akidhani ni sehemu ya onyesho.

Nilimwuliza kocha. Akaniambia, "Mama, hiyo tunaifanyia mazoezi. Kila Jumamosi nusu saa ya mwisho ni ya vijiti vilivyoanguka." Wa mkiani kazi yake ndiyo hiyo, na ndiyo maana humweka mtu mwenye magoti imara pale. Jibu hilo ndilo lililonifanya nimwandikishe binti yangu mwezi wa kwanza mwaka huu.

Ada ni shilingi 1,500 kwa mwezi, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi. Wiki nne za kwanza hakuruhusiwa kuvaa viatu vya magurudumu akiwa na kijiti. Miguu ilikuwa na saa yake, mikono saa yake. Binti alinung'unika, mimi nikaona ni sawa kabisa. Kijiti chake kocha alikipima kutoka kwapani hadi ncha ya kidole cha kati. Ni chuma chembamba chenye kichwa cha mpira kila upande, kimoja kikubwa kuliko kingine, kwa hivyo mahali pa mizani hapako katikati kamili. Jioni moja nilimkuta jikoni amekilaza juu ya kidole cha shahada, anakisogeza kidogo kidogo mpaka kikatulia, halafu akazungushia selotepu nyekundu mahali hapo. Tangu siku hiyo akidaka, anadaka kwenye nyekundu.

Upepo wa Nakuru mnaujua. Mchana ukichachamaa, kijiti kilichorushwa mita tatu juu hakirudi kilipotoka, na vumbi linaingia kwenye beringi mpaka magurudumu yanalia. Watoto wanazifungua na kuzisafisha kila wiki. Wewe unayetaka kuwaalika, wape saa nne asubuhi, au ukumbi wenye sakafu laini. Usiwaweke baada ya hotuba za wageni. Sisi tuliwaweka hapo, saa nane mchana, na kocha akalazimika kupunguza mirusho yote hadi usawa wa kichwa. Uzuri mwingi ulipotea na kosa lilikuwa letu.

Likizo ya mwezi wa nane walipanda matatu hadi Nairobi, kwenye uwanja wa barafu ulio ndani ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ule uliofunguliwa mwaka 2005. Niliwasindikiza. Kwenye magurudumu unasimama kwa kukanyagia kile kipande cha mpira mbele ya kiatu. Kiatu cha barafu mbele kina meno, na ukiyakanyagia ukiwa kasi, unapiga magoti. Watatu walipiga magoti dakika ya kwanza. Lakini nililopenda kuliangalia ni hesabu. Ule mtiririko waliouzoea kwa midundo minane kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ulivurugika, kwa sababu saruji inakula mwendo na barafu haiuli. Walifika ukingoni mdundo wa sita, wamesimama wanasubiri muziki. Kocha hakupiga kelele. Aliondoa mirusho yote, maana mikono ilishakuwa baridi na glavu zinateleza kwenye chuma, kisha akapinda njia zao ziwe nusu duara badala ya mstari ulionyooka, ili safari irefuke. Baada ya dakika arobaini walipita mzunguko mzima pamoja na muziki. Nilitokwa na machozi, nasema kweli.

Sasa malalamiko. Siku ya shule walichelewa dakika hamsini, na hakuna aliyepiga simu. Viatu ni vya kugawana: binti yangu alivaa namba kubwa kwa miezi miwili, soksi mbili mbili, akatoka malengelenge kisiginoni. Na helmeti zilikuwa tano kwa watoto kumi na wawili. Hilo nililikataa waziwazi kwenye mkutano wa wazazi, kwa sababu saruji haina huruma na kichwa cha mtoto. Tulichanga, sasa ziko tisa, na ambaye hana helmeti anafanya kijiti tu akiwa na raba. Vikinga vya viganja nilimnunulia wangu mwenyewe. Mzazi, usingoje timu ikununulie hivyo.

Pesa yangu imefanya kazi, na nitawaalika tena mwaka huu, asubuhi.

Wiki iliyopita kocha amempa binti yangu nafasi ya mkiani. Tangu hapo mwiko wa ugali hauonekani jikoni. Umelazwa kwenye korido, naye anapita juu yake kwa mguu mmoja, anaokota, anarudi, anauweka chini tena.