Night of the Living Dead: nakala ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Nchini Marekani filamu hii ya kutisha ya misukule haina mwenyewe. Mwongozaji George A. Romero na wenzake wa Pittsburgh waliipiga kwa takriban dola 114,000, ikaingia kumbi za sinema Oktoba 1968, na hadi leo mtu yeyote huko anaruhusiwa kuinakili, kuivisha jalada na kuiuza bila kumwomba mtu ruhusa. Kisa ni uzembe wa kadi moja. Mwanzoni iliitwa Night of the Flesh Eaters. Msambazaji wake, Walter Reade Organization, akabadili jina, na kadi mpya ya jina, yale maandishi ya mwanzoni mwa filamu, ikawekwa bila ile alama ya hakimiliki iliyokuwa kwenye kadi ya zamani. Sheria ya Marekani ya wakati ule haikuwa na msamaha: alama isipokuwepo, kazi ni ya umma.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililovuruga soko. Majalada ya filamu hii ni mengi kupita kiasi, na karibu yote yameandikwa "Remastered", yaani imesafishwa upya, kwa herufi za kung'aa. Neno hilo halikaguliwi na mtu. Aliyechukua mkanda wa VHS uliochoka akauingiza kwenye kompyuta anaweza kuliandika, na aliyekaa miaka akisafisha negativu, ule mkanda wa asili uliopita kwenye kamera, fremu kwa fremu naye analiandika. Kwa hiyo hapa hulipii filamu, unalipia chanzo cha picha. Muulize muuzaji: hii imetolewa kwenye nini?

Yangu ya kwanza niliinunua kwenye meza ya barabarani, DVD moja yenye filamu nane za misukule na majini. Filamu inaanza na gari linalopanda kilima kuelekea makaburini, barabara ikijipinda kushoto na kulia. Kwenye nakala ile anga ilikuwa nyeupe pe, barabara nyeupe, majani nusu meupe, na gari likaonekana kama mende aliyeangukia kwenye unga. Usiku ulipoingia mambo yakageuka: giza tupu, huoni msukule wala ukuta, unasikia tu mbao zikigongwa misumari. Miaka mingi nilijua filamu ilipigwa vibaya na vijana wasio na hela. Kumbe sivyo.

Chukua cheti chako cha kuzaliwa ukitoe fotokopi, kisha fotokopi ya hiyo fotokopi, hivyo hivyo mara tano. Rangi za katikati zinakufa, vinabaki cheupe na cheusi. Ndicho kilichoipata filamu hii kwa miongo kadhaa. Lakini negativu halisi ya milimita 35 ilikuwepo, na mwaka 2016 jumba la Museum of Modern Art la New York pamoja na The Film Foundation waliifanyia ukarabati wa 4K, yaani wa picha ya ukali wa juu sana, Romero mwenyewe na wenzake wa zamani wakisimamia. Ilionyeshwa huko New York Novemba mwaka ule. Romero akafariki Julai 2017. Kwa hiyo kuna toleo moja lililopita mikononi mwa mwenye kazi, na mengine yote yapimwe kwa hilo.

Kabla ya kupanga nafasi, mambo ya kukagua ukiwa na deki mbele yako. La kwanza ni umbo la picha. Filamu hii ni karibu mraba, kwa hiyo kwenye TV za leo lazima kuwe na pande mbili nyeusi kushoto na kulia. Picha ikijaza kioo chote, ama wamekata vichwa na miguu, ama wamevuta sura za watu zikawa pana kama sahani. (Mpwa wangu hawezi kuona pande nyeusi akatulia. Kila nikitoka sebuleni anabonyeza kitufe cha kukuza. Tumeshagombana.) La pili ni muda. Filamu kamili ni dakika 96. Ukikuta 92 usikimbilie kusema imekatwa: diski zilizotengenezwa kwa PAL, mfumo wa TV wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika, huenda kasi kidogo, na sauti za watu hupanda nyembamba kiasi. Ikishuka chini ya hapo, ndipo uanze kuuliza.

La tatu ndilo linalowadanganya wengi. Filamu ya selulodi ina punje, vumbi laini linalochezacheza juu ya picha, hasa angani na kwenye kuta. Hizo si chenga za antena mbovu, ndiyo ngozi ya filamu yenyewe. Wapo wanaozifuta kwa programu ili picha ionekane "safi", na pamoja nazo wanafuta vinyweleo, mikunjo ya shati na nyuzi za sweta. Simamisha picha kwenye sura ya Ben, mhusika mkuu anayechezwa na Duane Jones, wakati anapigilia mbao mlangoni. Jasho linaonekana? Mishipa ya mbao je? Kama uso umekuwa laini kama mshumaa, rudisha. Angalizo moja: picha za mnato za mwishoni kabisa zina punje nene kama za gazeti, na ndivyo zilivyokusudiwa. Usiilaumu diski.

Sasa nafasi.

Ya kwanza naipa diski ya 4K ya Criterion, kampuni ya Marekani, iliyotoka Oktoba 2022, na sababu yangu si ukali wa picha peke yake. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda, yaani kwa eneo la dunia. Blu-ray za kawaida zimegawanywa: Marekani ni kanda A, sisi wa Afrika pamoja na Ulaya na nchi za Ghuba ni kanda B. Ukiagiza Blu-ray ya Criterion kutoka Marekani ukaitia kwenye deki iliyonunuliwa Dar, Nairobi au Muscat, itakugomea na kukuandikia kwamba kanda siyo. Ya 4K itacheza. Usiku wake una kina: nje ya nyumba, pale lori linapoungua, unawahesabu misukule mmoja mmoja na unaona kila mmoja kavaa nini. Damu, ambayo kwa kweli ilikuwa sharubati ya chokoleti, inang'aa nzito. Kasoro ni kwamba diski mbili zinazoambatana nayo, zenye filamu tena na nyongeza, ni Blu-ray za kanda A, kwa hiyo bila deki iliyofunguliwa utazitazama jalada tu. Bei iliyopangwa ni dola 49.95, bado usafiri na ushuru. Na uwe na deki ya 4K, maana ya kawaida haiisomi.

Ya pili ni Criterion hiyohiyo kwa Blu-ray ya Februari 2018, dola 39.95. Ukarabati ni uleule, na kwenye TV ya inchi 43 ukikaa kwenye kochi sidhani utaona tofauti kubwa na ya 4K. Kwa anayeishi Marekani, au mwenye deki inayosoma kanda zote, ndiyo ninayomshauri, na pesa iliyobaki anunue filamu nyingine. Nyongeza zake zinastahili: ndani kuna toleo la awali la kazi, kabla ya uhariri wa mwisho, lililoitwa Night of Anubis, na maelezo ya sauti ya mwaka 1994 ambamo Romero na waigizaji wanasimulia na kutaniana. Mwenye ndugu kule amwombe asubiri Julai au Novemba, maduka ya Barnes & Noble huwa yanapunguza bei za Criterion kwa nusu.

Asiyekuwa na Blu-ray wala mpango nayo atafute DVD ya Elite Entertainment, ile iitwayo Millennium Edition ya 2002. Ni ya zamani, siku hizi inapatikana mkononi kwa mtu tu, lakini ilitolewa kwenye chanzo kizuri zamani hizo wengine wakiuza fotokopi. Nakala ya mkononi igeuze kwenye mwanga uangalie mikwaruzo kabla ya kutoa hela.

Baada ya hapo, usinunue. Sitanii. Kwa kuwa filamu ni ya umma Marekani, iko kwenye tovuti ya Internet Archive bure kabisa, na DVD nyingi za bei poa ni picha ya kiwango hichohicho iliyotiwa kwenye kasha. Ukitaka tu kujua hadithi, ipakue, tazama, kisha uamue kama inastahili pesa zako.

Mkiani wapo waliochakachua. Mwaka 1986 iliwekwa rangi, na misukule wakapakwa kijani kama matembele yaliyolala. Mwaka 2004 ikawekwa rangi tena, afadhali kidogo, lakini taa zilipangwa kwa ajili ya nyeusi na nyeupe, na vivuli vile vya ngazi na madirisha ukivitia rangi vinageuka madoa. Watoto wanaosusia filamu isiyo na rangi labda watakaa kuitazama. Mimi siilipii.

Ya mwisho kabisa ni ile ya kampuni ya Anchor Bay ya kuadhimisha miaka 30. Jihadhari nayo kwa sababu jalada lake lina heshima na jina la John Russo, mwandishi mwenza wa filamu, ni la kweli. Ndani wameondoa kama dakika 15 za Romero, wakapachika matukio mapya yaliyopigwa miongo mitatu baadaye na muziki mwingine juu yake. Bill Hinzman, yule msukule wa makaburini, amerudishwa kuigiza sehemu hizo, na huhitaji kuwa fundi wa filamu kuona kwamba kati ya tukio moja na linalofuata mtu amezeeka ghafla. Romero hakushiriki. Ukiiona mezani na muuzaji anakuapia ndiyo iliyo kamili zaidi, mwambie aiweke kwenye deki. Toleo halisi linaanza na barabara tupu na lile gari likija kutoka mbali; ukiona kingine, mrudishie.