DTI au gadobutroli, ipi ya kutengenezea modeli (hesabu za kompyuta) ya jinsi dawa inavyosambaa kwenye ubongo?
DTI, aina ya picha ya MRI inayofuatilia mwendo wa maji, ni fasta, dakika kama kumi hivi kwenye mashine, hakuna sindano, na inakuonyesha maji yanapenda kwenda upande gani, kwenye sehemu nyeupe ya ubongo yanafuata nyuzi kuliko kuzikata, kwa hiyo kila vokseli (kijisehemu kidogo cha picha) unaipa namba zake kwenye mlinganyo. Shida ni kwamba inapima maji tu, tena mwendo wa milisekunde, na maji yanaingia hadi ndani ya seli ambako dawa nyingi hazifiki.

Gadobutroli, dawa ya kung'arisha picha za MRI, ndo mambo. Kule Oslo, Norwe, watafiti wanamdunga nayo mgonjwa mgongoni, kwenye maji ya uti wa mgongo, halafu wanampiga picha tena na tena mpaka kesho yake, unaiona inapanda, inazunguka ubongo, inazama kwenye gamba la ubongo. Inabaki nje ya seli, uzito wa molekuli yake daltoni 600 na kitu, yani kama dawa ndogo tu. Na walipoweka modeli ya kusambaa peke yake, ikaonekana imesafiri haraka kuliko hesabu! Hiyo DTI isingekwambia. Ila mtu mzima wa afya nani atakubali hiyo sindano? Mi ningepimia modeli kwa gadobutroli, mwelekeo wa nyuzi nauchukua DTI.