Kishikwambi kikubwa: ununue kipi, na usisubiri nini

Kabla ya kuuliza bei, ingia dukani na karatasi ya A4, uilaze juu ya kioo. Nilifanya hivyo Ngamiani, hapa Tanga, muuzaji akacheka, lakini karatasi ile ndiyo iliyoniamulia. Mimi huchora ramani za nyumba na kuzipeleka saiti, leo Pongwe, kesho Kange, na mteja anataka kuona ukurasa mzima bila kuukuza na kuusogeza. Ukipima na fremu yake, iPad ya inchi 13 inaizidi A4 upana kwa nusu sentimita, ila inapungua urefu kwa sentimita moja na nusu. Galaxy Tab S9 Ultra ya Samsung, ya inchi 14.6, inalingana nayo upana, na urefu inaipita kwa karibu sentimita tatu.

"Si bora nisubiri toleo lijalo?" Swali hilo naulizwa kila wiki. Tazama zilikotoka. iPad Pro kubwa ya kwanza, 2015, ilikuwa na unene wa milimita 6.9. Mwaka 2018 ikashuka hadi 5.9, 2021 ikanenepa tena hadi 6.4 kwa sababu ya vitaa vidogo vilivyopangwa nyuma ya kioo, na 2024 ikaja OLED, isiyohitaji taa ya nyuma, ikafika 5.1. Tab S11 Ultra ya Samsung ya 2025 nayo ni 5.1. Lakini saa za chaji anazoahidi Apple ni 10, zile zile tangu iPad ya kwanza ya 2010! Nafasi ikipatikana ndani, inaliwa na wembamba. Kwa hiyo nabashiri lijalo litakuwa jembamba na lenye kasi, na umeme ukikatika utatafuta pawabenki kama kawaida.

Nadhani pia OLED itashuka hadi kwenye iPad Air. Lile pengo la kamera linalokata ukingo wa kioo cha Tab Ultra lilikuwa la kamera mbili hadi S10, S11 ikabaki na moja; naona litatoweka karibuni. Vya kukunja vipo tayari: simu ya Huawei Mate XT ya 2024 hufunguka hadi inchi 10.2, na cha Apple kimekuwa tetesi miaka nenda rudi. Sisubiri. Kioo kinachokunjwa ni laini, na mchanga wa ufukwe wa Raskazone hauchagui bawaba ya kuingia.

Ningenunua hivi, nikianza na cha kwanza.

Galaxy Tab S10 FE+, inchi 13.1. Kalamu imo ndani ya boksi, ina nafasi ya memori kadi, na inastahimili maji kwa kiwango cha IP68. Hilo la mwisho si urembo. Tableti yangu ya zamani, isiyo na kinga hiyo, niliizoesha kukaa barazani upande wa bahari. Siku moja chaja ikaingia lakini haikuchaji. Fundi akamulika tundu la chaji: ukoga wa kijani. Akausugua kwa mswaki na spiriti, ikafufuka miezi miwili, ikafa. Ila IP68 hupimwa kwa maji baridi, si ya chumvi, kwa hiyo usiogelee nayo.

Ya pili, iPad Air ya inchi 13. Programu za kuchora ni tamu zaidi huku, lakini kwa bei ya Marekani inaanzia dola 799 na kalamu yake, Apple Pencil Pro, ni dola 129 pembeni. Haina pa kuchomeka laini; ile yenye mtandao wa simu hutumia eSIM tu, yaani laini iliyomo ndani ya kifaa. Ulizia mtandao wako kwanza.

Ya tatu, Tab S9 Ultra iliyotumika. Kioo kitamu, mkono utachoka: gramu zaidi ya 700.

iPad Pro naiweka mwisho. Dola 1,299 ni za mtu ambaye kalamu humrudishia pesa.

Ukichukua iPad ya mtumba, muuzaji aifute mbele yako na kuiwasha upya ikiwa kwenye intaneti. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, mrudishie hapo hapo. Kisha ilaze kifudifudi kwenye kaunta ya kioo, uchungulie ubavuni. Za 2018 zilisifika kwa kupinda, na mwanga ukipenya chini ya katikati yake, weka pesa mfukoni.