Muvi za kutafsiriwa saluni kwangu: zipi naziacha zicheze, zipi nazikataa

Nina saluni ya kike Mwanjelwa: viti vinne, draya mbili, televisheni ya inchi 32 iliyobanwa ukutani juu ya kioo cha katikati. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya haina adabu, kwa hiyo mlango tunaurudishia na dirisha linabaki wazi kidogo kwa ajili ya jiko la maji ya rasta. Mteja wa rasta ndogo ndogo anakaa saa tano, sita kama nywele ni nyingi. Saa sita huwezi kumwacha mtu anatazamana na uso wake kwenye kioo. Ndiyo maana kila Jumatatu natuma flashi kwa kijana wa ng'ambo ya barabara, ananiwekea muvi kwa shilingi 500 moja, na anayechagua ni mimi. Mwaka wa nne huu. Nimeona za ngumi, za mafuriko, za mizimu na za wafalme kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, nyingi nikiwa nimesimama na chanuo mkononi.

Wateja wana swali lao moja: mbona leo umeweka iliyotafsiriwa na juzi uliweka yenye Kiingereza chake? Wengine wanadhani najisikia. Sijisikii, nimeungua mara nyingi tu, na mara moja kweli kweli kwa maji ya moto, nitafika huko.

Muvi ya kutafsiriwa sote tumekulia humo, tangu enzi za Lufufu, mtafsiri wetu wa zamani, na kaseti za VHS. Sauti ya muvi inashushwa, jamaa anashika maiki, anamsemea steringi, anamsemea adui, anamsemea mama wa steringi, na mbwa akipita anamsemea pia. Hachoki wala hanyamazi. Utamu wake uko hapo kwenye kutonyamaza, na ubaya wake uko hapo hapo.

Nianze na za kupigana, maana ndizo zinazoombwa zaidi (na wanawake, msishangae). Commando ya mwaka 1985 nimeshaiweka mpaka wasusi wangu wanaijua kwa moyo. Schwarzenegger katekewa binti, kapandishwa ndege kwa nguvu, kachomoka ndege ikiwa inaondoka, na ana saa kumi na moja kabla maadui hawajagundua kwamba hayumo. Inakwisha kwa dakika tisini, muda wa kusuka twende kilioni na kuosha kichwa kingine. Jeshi zima linammiminia risasi, hakuna inayomweza. Mtafsiri akisema risasi zinampisha kama wanavyompisha baba mkwe, muvi inakuwa tamu kuliko ilivyotoka kwao Marekani. Hakuna anachoharibu, kwa sababu pale pana misuli tu. Iliyotafsiriwa naipa tano kwa tano. Yenyewe kama ilivyo, mbili.

Die Hard ya 1988 nikaichukulia hivyo hivyo, nikakosea. Bruce Willis ni polisi aliyekwama kwenye ghorofa lenye majambazi, yuko peku kwa sababu alivua viatu apumzishe miguu baada ya safari. Majambazi wakashtuka kwamba hana viatu, wakapiga vioo risasi. Akavuka. Baadaye amekaa chooni anachomoa vipande vya kioo kwenye nyayo, kimoja kimoja, na kwenye redio ya upepo anamwomba polisi aliye chini amwambie mke wake kwamba amekosa, anaomba radhi. Mtafsiri akasema jamaa anatoa funza. Saluni nzima ikaangua kicheko, mimi mwenyewe nikaweka chanuo chini. Usiku nikaiangalia nyumbani peke yangu, yenye maneno ya chini, ndipo nikajua tulichokuwa tunakicheka: mwanamume anaaga. Toka hapo za kupigana nazipima kwa kuumia. Kama steringi anafuta damu kwa kiganja na tukio linalofuata yuko mzima, mtafsiri amchukue. Kama anachechemea mpaka mwisho, simpi.

Za majanga zina kesi yake. Niliweka Dante's Peak ya 1997, iliyotafsiriwa, ile ya mlima unaolipuka. Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Tukuyu, anasukwa nywele za uzi. Sasa kwa watu wa kule mlima si pambo. Rungwe ni volkano iliyolala, Ziwa Ngozi limekaa ndani ya shimo la volkano, Kyejo ulitapika lava mara ya mwisho karibu mwaka 1800, na Daraja la Mungu pale mto Kiwira ni lava iliyoganda juu ya maji. Mama alitulia tuli. Ikafika pale ziwa limegeuka tindikali, boti inaliwa chini kwa chini, na bibi anajitosa majini kuisukuma ili wajukuu wafike gatini. Mtafsiri yuko kwenye umbea wa bibi na aliyekuwa mkwewe.

"Mwanangu, mwambie huyo anyamaze," mama akasema.

Nikazima sauti. Tukaangalia hivyo hivyo kimya, na mama, asiyejua Kiingereza hata neno, akawa anatueleza. Bibi alikataa kuhama tangu mwanzo, akasema, bibi wote hukataa kuhama. Hakukosea popote. Sijawahi kupata mtafsiri bora kuliko yeye, na rasta zake zilikuwa za uzi, za bei ya chini kabisa kwenye ubao wangu.

Titanic ya mwaka huo huo wa 1997 ni ya rasta za wastani: saa tatu na robo hivi. Vijana wanalalamika kwamba barafu inachelewa, inapita saa nzima na nusu watu wanakula na kupendana. Mimi nasema waiache ichelewe. Meli inapoanza kuinama unajua nani analala chumba gani, na nani yuko daraja la chini ambako mageti yamefungwa. Linganisha na ile 2012 ya mwaka 2009: dunia nzima inazama na mpaka mwisho sikushika jina la mtu hata mmoja. Hiyo tafsirini mtakavyo. Tulipokuwa kwenye Titanic mteja mmoja akasema polepole, "MV Bukoba ilikuwa hivi hivi." Mwaka 1996 huo, hakuna mtu mzima Tanzania asiyeukumbuka. Mikono ya wasusi ilisimama. Na meli ikiwa imesimama wima, mkia juu, umeme ukakatika. Haukurudi mpaka jioni. Alhamisi yake mteja yule yule akaja, rasta zake bado mpya kabisa, akakaa kwenye benchi la kusubiria. Nikamuuliza, dada, kuna tatizo kichwani? Akasema, "Malizia ile muvi."

Za kutisha ndiko ninakogombana na kijana wa flashi. A Quiet Place ya mwaka 2018, ya John Krasinski, ina madude yasiyoona ambayo yanawinda kwa sauti. Ukidondosha sufuria umekwisha. Familia inatembea peku juu ya njia ya mchanga, wanaongea kwa ishara, lugha waliyokuwa nayo tayari kwa sababu binti yao ni kiziwi. Karibu muvi nzima watu wamefunga midomo. Sasa muvi hiyo mpe mtu ambaye riziki yake ni kuongea! Baba anamtazama mtoto kwa macho tu, mtafsiri anamwekea hotuba ya harusini. Kuna mahali mama mjamzito anapandisha ngazi anaburuta mfuko wa nguo, mfuko unanasa kwenye msumari, msumari unasimama wima. Kamera inakuonyesha, inaondoka. Unabaki nao rohoni, kila mguu ukikanyaga ngazi moyo unaruka. Mtafsiri wetu: "Mnauona huo msumari? Huo utamchoma mama huyo huyo, subirini." Nikachomoa flashi.

Wiki iliyofuata nikaiweka isiyotafsiriwa. Sijawahi kuona saluni yangu imekaa vile. Hata draya niliizima. Ilipofika mama anajifungua kwenye bafu, peke yake, dude liko ndani ya nyumba, na haruhusiwi kulia, wateja watatu waliokwisha kuzaa walikuwa wameziba midomo yao wenyewe. Mmoja akanong'ona, "Mimi wodi nzima ilinisikia." Na hapo simu ya mtu ikalia, mlio wa kwaya, sauti ya juu kabisa. Msusi wangu alikuwa ameshika jagi la maji ya moto anachovya ncha za rasta. Aliruka, jagi likaenda chini, maji yakaishia juu ya mguu wangu, ndani ya kandambili. Malengelenge siku nne. Mteja, namshukuru Mungu, hakuguswa. Sheria ya sasa: wakati wa kuchovya, hakuna muvi ya kutisha. Lakini tano kwa tano naipa, na mguu wangu ni shahidi.

Za wafu wanaotembea hapa Mbeya zina shida nyingine. Niliweka Train to Busan ya Korea Kusini, ya 2016, ya baba na binti yake kwenye treni. Bibi mmoja wa Kinyakyusa aliyemsindikiza mjukuu wake alitazama robo saa akachoka. Kwake wafu ni abasyuka, wazee wa ukoo, wanaheshimiwa, wakikasirika wana sababu na sababu inajulikana. "Hawa wanang'ata tu," akasema. "Hawana ukoo?" Nikacheka, ila usiku nikawaza kwamba amesema kweli: zinazonitisha mimi ni zile ambazo anayerudi anakujua jina. Nilipokuwa mtoto ilikuwepo muvi ya Bongo iliyoitwa Nsyuka, ya Mussa Banzi, vifaa vya kuunga unga, mwanga mbaya, na kwa jina lile tu sikwenda chooni usiku kwa muda mrefu. Train to Busan naipa nne, kwa ajili ya baba yule. Kama mmewahi kusubiri treni ya TAZARA mtaelewa kwa nini treni inayofika kwa wakati nayo ilitushangaza.

Kuhusu za kale na za wafalme sina mengi. The Ten Commandments ya 1956 ni saa tatu na dakika arobaini, naiweka Pasaka, na bahari inapopasuka naisimamisha niwaambie wateja kwamba pale hapakuwa na kompyuta: walimwaga maji kwenye matangi, wakapiga picha, kisha wakaichezesha kinyumenyume. Hawaniamini. Mtafsiri kwenye hizi anasaidia, maana majina ni mengi na kila mtu ana ndevu.

Juzi dada mmoja wa Kihehe, kwao Kalenga, tukiwa kwenye Gladiator, akauliza ya kwao iko wapi. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Wajerumani unapita, watu wa Mkwawa wamejilaza vichakani wanangoja, na Zelewski mwenyewe, kamanda wa msafara, hakutoka hai. Akasimulia vizuri, mikono yote inaongea, mpaka msusi akamwambia atulie kichwa. Kwenye flashi sijawahi kuletewa ya namna hiyo. Nikamwambia siku ikitengenezwa itakuwa na Kiswahili chake na Kihehe chake, tutaangalia kwa raha, hakuna mtu wa kuitafsiri.

Kijana wa flashi alikuwa mlangoni anasubiri 2,500 yake. "Dada," akasema, "yule jamaa ataitafsiri tu."