Kempa ya kukodi, Banff hadi Jasper: gari zuri, lakini ulizia betri ya pili

Tulilichukua gari Calgary, Kanada, na kulirudisha hapo hapo baada ya siku saba. Katikati tukapita Banff, Lake Louise na barabara ya Icefields Parkway mpaka Jasper, njia inayopita ndani ya hifadhi za taifa za milimani. Nazungumzia kempa ya kukodi, lile gari lenye vitanda, jiko na choo ndani. Tulikuwa watano: mimi, Baba Salma, watoto wawili na mama mkwe wangu, ambaye tangu tulipokata tiketi alikuwa na ombi moja tu, aiguse barafu ya mlimani kwa mkono wake.

Nianze na uendeshaji, maana ndio ulionitia hofu. Gari lina mita saba, lakini ni la gia otomatiki, usukani mwepesi, na siku ya pili nililishika bila wasiwasi. Barabara nayo ni rafiki. Kutoka Lake Louise hadi Jasper ni kilomita 230 hivi, malori ya mizigo hayaruhusiwi, na mwendo wa juu ni kilomita 90 kwa saa, kwa hiyo hakuna wa kukuwashia taa kwa nyuma. Wakati wa kurudi, ukishavuka Sunwapta Pass, pito la juu kati ya milima, kuna mteremko mkali. Baba Salma aliweka gia ndogo akaiacha injini izuie gari, hakung'ang'ania breki, tukafika chini salama bila harufu ya kuungua.

Kilichonifurahisha zaidi ni dirisha kubwa la pembeni ya meza. Salma ndiye aliyemwona dubu mweusi akila matunda vichakani, hatua chache kutoka lami. Mdogo wake akataka tusimame. Tulipunguza mwendo tu tukapita, kwa sababu kwenye hifadhi hizi mtu anatakiwa kukaa mita 100 mbali na dubu, na magari yakijazana kandokando humzoesha mnyama kuwa karibu na watu, jambo ambalo humgharimu yeye mwisho wake. Watoto walinuna mpaka Ziwa Peyto. Huko walisahau kila kitu. Maji yale ni ya buluu nzito kama yamechanganywa na maziwa, kwa sababu barafu husaga miamba kuwa unga laini unaoelea ziwani na kuurudisha mwanga.

Sasa lawama yangu. Usiku wa tatu tulilala kwenye kambi ya juu karibu na Columbia Icefield, uwanda mkubwa wa barafu, kambi isiyo na umeme. Saa tisa usiku nikaamshwa na mlio mfupi, pii, kimya, pii. Kilikuwa kile kifaa cha kutambua gesi ya sumu, kikilalamika kwamba umeme umepungua. Hita ilikuwa imezima. Nikabonyeza, ikafanya tk tk tk, taa nyekundu ikawaka, basi. Mtungi wa gesi ulikuwa umejaa. Nje kioo kilikuwa na umande ulioganda, na mama mkwe alikuwa amekaa kitandani na koti lake, shuka mbili mabegani, ananiambia, "Mwanangu, walaze watoto katikati yenu, mimi niko sawa." Sitasahau jinsi mikono yake ilivyokuwa baridi nilipomshika.

Asubuhi jirani wa kambini alitueleza. Hita inachoma gesi, ila feni yake inaendeshwa na betri ya pili, ile ya nyumba, tofauti na ya injini. Nayo hujazwa ukiendesha gari au ukichomeka kwenye umeme wa kambi. Sisi tulikuwa tumelala siku mbili mfululizo bila umeme, mchana tukitembea kwa miguu, friji na taa zikinyonya tu. Kampuni ilitupa maelekezo ya robo saa, karibu yote kuhusu choo. Neno moja kuhusu betri lingetosha. Pia waliliuza kama gari la watu watano, wakati kitanda cha tano ni meza iliyolazwa, na mguu wake uko palepale mtu anapoweka kiuno. Kwa wanne linafaa sana. Mzee usimlaze pale.

Asubuhi hiyohiyo tulikwenda kwenye barafu ya Athabasca. Njiani kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha barafu ilipoishia zamani. Kwenye kibao cha 1992 mama mkwe alisimama, akaangalia kule barafu ilipo sasa, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti. Alipofika mia tatu akanyamaza, akaendelea kutembea tu. Juu kabisa kuna kizuizi, na kupita bila mwongozaji ni hatari kwa sababu ya nyufa zilizofichwa na theluji. Hatukupita. Alichuchumaa kwenye kijito kinachotoka chini ya barafu, akatumbukiza kiganja, akakiacha humo mpaka nikamwomba akitoe.

Kwa anayetaka kwenda: jaza mafuta Lake Louise au Jasper, kwa kuwa katikati kuna pampu sehemu moja tu, Saskatchewan River Crossing, nayo hufungwa msimu wa baridi. Pakua ramani mapema, simu haishiki sehemu kubwa ya njia. Watoto hadi miaka 17 hawalipi kiingilio. Ziwa Moraine haliingiliki kwa gari binafsi tangu 2023, unakata kiti kwenye basi la hifadhi, na viti vingine hufunguliwa siku mbili kabla, saa mbili asubuhi. Sisi tulipata hivyo.

Tulipolirudisha gari walisikiliza, wakaturudishia pesa ya usiku mmoja bila mabishano. Nitakodi tena kwao, ila sitaondoka pale uani kabla mtu hajanifungulia kile kisanduku cha betri na kunionyesha kipimo chake.