Uzoefu wangu: Mashine ya kushtua moyo ilikuwepo, wembe haukuwepo

Nimeandika haya mara mbili nikayafuta, maana kila nikifika kwenye habari ya wembe hasira inanipanda upya. Leo nayamaliza.

Ni miezi kadhaa sasa. Jioni, baba kaketi anasikiliza taarifa ya habari, mara akateleza kutoka kitini hadi sakafuni. Nilipiga simu ya dharura nikamwambia aliyepokea kwamba mzee anapumua, ila kwa taabu: anakoroma, ananyamaza, anakoroma tena. Yule mama wa kwenye simu hakunizungusha. "Huko siko kupumua, mwanangu. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu na kwa haraka. Nahesabu nawe." Akahesabu nami kweli. Kati ya hesabu moja na nyingine akaniambia ambulensi imeshatoka lakini iko mbali, na kwamba kuna mtu wa kujitolea aliye karibu zaidi, naye ametumwa.

Sikuwa najua kama kuna watu wa namna hiyo. Ni raia wa kawaida wenye shughuli zao. Wamefundishwa kubonyeza kifua, kutumia mashine ya kushtua moyo, wengine na kutoa oksijeni. Wakiwa zamu na dharura ikatokea jirani yao, wanaitwa wakati uleule ambulensi inapotumwa. Hawalipwi. Huyu wetu alikuja na gari lake mwenyewe, halina king'ora, na taa nyekundu akiikuta barabarani anasimama kama mimi na wewe.

Aliingia dada mmoja, begi mgongoni, futi ya kushonea bado inaning'inia shingoni na vipande vya uzi vimeng'ang'ania kwenye blauzi. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani. Hakuuliza majina. "Endelea kaka, usiache," akaniambia, naye akapiga magoti upande wa pili, akaipasua fanela ya baba kwa mkasi kutoka chini hadi shingoni, mkato mmoja. Hapo nilipata nguvu. Nilijua tumepata mtu.

Akamfuta baba jasho kwa taulo. Kibandiko cha kwanza akakiweka chini ya mtulinga wa kulia, cha pili ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Kile cha juu kikanyanyuka. Akakigandamiza kwa kiganja, kikanyanyuka tena. Baba ana nywele nyingi kifuani, na kibandiko kisiposhika ngozi mashine haiwezi kuusoma moyo, sembuse kuushtua. Mashine nayo inasema kwa sauti ileile, bila kuchoka, kwamba vibandiko vibandikwe kwenye kifua cha mgonjwa. Dada akakung'uta mfuko wa begi sakafuni: glavu, barakoa ya kupulizia, taulo ya pili. Wembe hakuna. Wala hakuna jozi ya pili ya vibandiko, ambayo angeweza kuibandika na kuibandua kwa nguvu ing'oe nywele.

Akasema kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe: "Nyembe nimeziacha mezani pakiti nzima, za kufumulia nguo."

Mdogo wangu akatoka mbio kwenda kwa jirani. Mimi nikaendelea kubonyeza, dada akinikosoa, "Zamisha zaidi, sentimita 5 mpaka 6, usiogope," kisha akanipokea mikono ilipoanza kufa ganzi. Sijui mdogo wangu alitumia dakika ngapi. Baadaye nimejifunza kwamba kila dakika inayopita bila kifua kubonyezwa wala moyo kushtuliwa, nafasi ya mtu kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Sisi tulikuwa tunabonyeza, kwa hiyo haikushuka kwa kasi hiyo. Ila ilikuwa inashuka, na ilikuwa inashuka kwa sababu ya wembe.

Wembe ukaja. Akanyoa kipande cha ukubwa wa kiganja, kibandiko kikashika, mashine ikaamuru tusimguse mgonjwa. Mwili ukaruka mara moja. Tukarudi kubonyeza. Ambulensi ilipofika baba alikuwa ameanza kupumua mwenyewe.

Sasa nije kwenye hasira. Nilipotoka hospitali siku ile, hao wanaowatuma watu wa kujitolea ningewapa nyota moja, na hiyo moja ni kwa kuona haya. Mwaka 1965 huko Belfast, daktari Frank Pantridge alitengeneza mashine ya kushtua moyo ya kubebwa kwenye ambulensi, ikiwa na uzito wa kilo 70 hivi. Leo inaingia kwenye begi la mgongoni, halafu tunakwama kwa wembe! Na nilimlaumu yule dada, sitaficha. Unabebaje begi la kuokoa watu bila kulikagua?

Nikapiga simu ofisini kwao. Kijana aliyepokea akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Huyo ni mtu wa kujitolea tu, ndugu. Sisi tumempa mashine. Hivyo vidogo vidogo anajijazia mwenyewe."

Tu. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Mtu aliyeacha nguo ya mteja chini ya sindano akaja kumpigania baba yangu, ni wa kujitolea tu?

Siku chache baada ya hapo dada mwenyewe akabisha hodi. Alisimama mlangoni, hataki kuingia. "Samahani kaka, mzee yupo?" Hakuna aliyekuwa amemwambia kama baba amepona au amekufa. Siku zote hizo alikuwa hajui. Nilipomwambia yuko wodini na anakula, aliketi pale pale kizingitini. Halafu akaanza yeye kuomba radhi kwa ajili ya wembe. Kumbe wa kwenye begi aliutumia kwa mgonjwa wa kabla yetu, akaandika kuomba mwingine, akaambiwa asubiri. "Ningeweka hata wa kwangu," akasema. Alirudia maneno hayo zaidi ya mara moja.

Basi ile nyota moja nimeifuta. Yule dada ningempa zote tano na bado nisingeridhika. Ofisi nilitaka kuinyima kabisa, lakini kila nikitaka kuandika hivyo namkumbuka yule mama aliyehesabu nami kwenye simu, nakumbuka pia kwamba hao hao ndio waliomfundisha dada na kumtuma. Bila wao ningekaa namsikiliza baba akikoroma nikidhani anapumua. Kwa hiyo sijui niwape ngapi. Namba imenishinda.

Baba yuko nyumbani. Mbavu mbili zilivunjika kwa kubonyezwa na bado zinamuuma akikohoa. Nywele pale kifuani zimeanza kuota, fupi, zote nyeupe. Dada alipokuja kumwona, baba alifungua vifungo vya shati amwonyeshe, kisha akamwomba naye aonyeshe begi. Kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na nyembe tatu zimefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Amezitoa kwenye pakiti yake ya kufumulia nguo. Za ofisini hazijafika.